Seva imekufa usiku: ni umeme ao ni yenyewe?

Saa moja ya jioni, Likasi. Habari imeanza, na katikati ya sentensi sauti inakatika. Fundi anakimbia studioni. Taa inawaka, mikrofoni iko salama, lakini mashini inayopeleka sauti kwenye antena imezimika, iko inajiwasha upya yenyewe kama vile hakuna kitu kilichotokea. Dakika tano, matangazo yamerudi. Kesho yake kila mtu ana maelezo yake, na maelezo ni yale yale: "Ni kuran."

Mara mingi ni kweli, tusidanganyane. Umeme wa huku Katanga tunaujua. Kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kinafanya kazi tangu mwaka 1930. Kilitengenezwa upya na kufikia nguvu ya megawati 78 mwaka 2021. Tangu 1982 kuna pia ule mstari mrefu unaotoka Inga, Kongo-Central, mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700. Pamoja na hayo yote, kati ya migodi, viwanda na nyumba zetu, umeme hautoshi, na delestaji ni sehemu ya maisha. Kwa hiyo mashini ikizimika, mtu wa Kikula ao wa Panda hana sababu ya kutafuta mbali.

Lakini kuna kosa ndani ya mazoea hayo, na ni kosa la pesa. Seva inakufa mara ya kwanza, tunanunua ondulere mpya. Inakufa tena, tunabadilisha alimantasio. Mara ya tatu tunasema mashini imezeeka, tunatafuta nyingine. Na ile nyingine, kama tumehamishia ndani yake barete zile zile za memori ao kadi ile ile ya sauti, inaanza kufa vile vile. Hakuna mtu aliyeuliza mashini yenyewe iliona nini mbele ya kufa.

Mashini inaweza kujibu. Lazima tu mtu awe ameitayarisha mbele ya ajali, si nyuma yake.

Vifo vya aina tatu

Fundi mzuri anaanza kwa kutofautisha. Mashini inakufa kwa namna tatu, na kila namna inaacha alama yake.

Ya kwanza ni kukatwa umeme. Hapa mashini haina nafasi ya kusema neno. Kitabu chake cha matukio kinakatika ghafula, mstari wa mwisho ni jambo la kawaida kabisa, kisha kinaanza tena pale mashini inawaka. Hakuna onyo, hakuna malalamiko.

Ya pili ni kuganda. Skrini iko, feni inazunguka, taa ndogo zinawaka, lakini panya hasogei na kibodi haijibu. Mtu anasubiri, anachoka, anabonyeza kitufe mpaka inazimika. Hii ni mbaya kuliko zote kwa mtafutaji, juu ya ule mkono uliobonyeza kitufe ndio uliofuta ushahidi.

Ya tatu ndiyo ile mafundi wanaita "panic" kwa Linux, na kwa Windows wengi wanaijua kama skrini ya buluu. Hapa kerneli, yaani kiini cha mfumo, kile kinachosimamia memori, disiki na vifaa vyote, kimekuta jambo ambalo hakiwezi kulivuka. Kinasimama chenyewe, kwa makusudi, ili kisiendelee na kuharibu disiki. Ni kama dereva wa lori anayesikia breki zimelegea juu ya kilima, anasimamisha gari palepale. Abiria wananung'unika, lakini alifanya vizuri.

Kifo hiki cha tatu ndicho kinaweza kuacha dampu ya memori: nakala ya yale yote yaliyokuwa ndani ya memori ile dakika mashini ilipoanguka. Ni programu gani zilikuwa zinafanya kazi, kerneli ilikuwa katikati ya kazi gani, ni kifaa gani kiliguswa mwisho. Bila dampu, memori inasahau yote pale umeme unapotoka ndani yake, sababu memori ya mashini ina tabia hiyo: inakumbuka tu wakati inalishwa umeme.

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu. Kompyuta za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na memori ya vipete vidogo vya sumaku, vilivyotungwa kwenye nyaya nyembamba kama shanga. Programu ikigoma, waendeshaji walikuwa wanachapisha kwenye karatasi yale yote yaliyo ndani ya vipete, namba kwa namba, wanakaa nayo mezani usiku mzima. Vipete vimepotea, karatasi imepotea, kazi imebaki ile ile.

Mlinzi wa pili

Sasa kuna fumbo. Kama kerneli imeanguka, nani ataandika dampu? Kuiambia ile iliyoanguka iandike yenyewe ni hatari. Tayari imechanganyikiwa, inaweza kuandika mahali pasipo pake na kufuta rekodi zako za mwaka mzima. Mafundi wa Linux walijaribu njia mbalimbali, na mwaka 2005, ndani ya kerneli namba 2.6.13, ikaingia njia ambayo tunaitumia mpaka leo. Inaitwa kdump.

Wazo lake ni rahisi kuelewa kwa mtu anayejua maghala. Pale seva inawaka, tunatenga chumba kidogo ndani ya memori na kukifunga. Ndani yake tunalaza kerneli ya pili, ndogo, ambayo haifanyi kitu. Ni mlinzi amelala na viatu. Ile kubwa ikianguka, kitu cha mwisho inachofanya ni kumwamsha mlinzi. Yeye anaamka ndani ya chumba chake ambacho mkubwa hakukigusa, anatazama memori yote iliyobaki kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua, anaandika nakala kwenye disiki, kisha anawasha mashini upya kwa njia ya kawaida.

Bei yake ni kile chumba. Memori uliyoitenga haitumiki kwa kitu kingine, siku zote, hata kama seva haianguki mwaka mzima. Kwa mashini ya giga 8, kutenga mega 256 hakuumizi. Kwa mashini ndogo ya giga 1, lazima ufikiri mara mbili.

Kuitayarisha kwa Debian na Ubuntu

Redio mingi na biro nyingi huku zinatumia Debian ao Ubuntu, hasa juu ni za bure. Ingia kama msimamizi wa mashini, kisha:

apt install kdump-tools crash

Ikikuuliza kama kexec-tools isimamie kuwasha upya kwa kila siku, jibu hapana. Ikikuuliza kama kdump iwashwe, jibu ndiyo. Kisha fungua faili hii:

/etc/default/grub.d/kdump-tools.cfg

Ndani yake kuna neno crashkernel= na ukubwa wa chumba. Kile kilichoandikwa mle mara mingine ni kidogo mno, mlinzi anaamka na kukosa pumzi. Kama una giga 4 ao zaidi, andika crashkernel=256M, funga faili, na:

update-grub
reboot

Kuwasha upya ni lazima, sababu chumba kinatengwa tu pale mashini inaanza. Wengi wanasahau hapa. Wanaweka pakiti, wanafurahi, hawawashi upya, na siku ya ajali wanakuta hakuna kitu. Ikisharudi, uliza:

kdump-config show

Unatafuta maneno "ready to kdump". Kama hayapo, angalia kama /proc/cmdline ina neno crashkernel, na kama /sys/kernel/kexec_crash_loaded inaonyesha 1. Ikiwa 0, mlinzi hayuko kitandani.

Walio na Rocky ao AlmaLinux namba 9, pakiti inaitwa kexec-tools, ukubwa unaandikwa kwa amri ya grubby, na kazi inawashwa kwa systemctl enable --now kdump. Mengine yanafanana.

Bado kuna jambo la wale walioganda. Kerneli ya Linux ikikuta kosa la ndani, si kila mara inasimama. Inaweza kuandika onyo na kuendelea ikichechemea. Kwa seva ya matangazo, afadhali ianguke wazi kuliko kuchechemea. Debian inaweka yenyewe kernel.panic_on_oops=1 pamoja na kdump, na hiyo inatosha kwa kosa la namna hiyo. Kwa mashini inayoganda mara kwa mara unaweza kuongeza, ndani ya faili moja ya /etc/sysctl.d/, mstari huu:

kernel.softlockup_panic=1

Maana yake: kama kichakata kimekwama ndani ya kerneli bila kuachilia nafasi, usisubiri, anguka na uache dampu. Kuna ndugu yake, hung_task_panic, anayeangusha mashini pale kazi fulani inasubiri disiki zaidi ya dakika mbili. Huyo simpendekezi kwa mashini zetu. Disiki za zamani zinachelewa sana wakati wa nakala za usiku, na utaangusha seva nzima juu ya disiki iliyochoka tu.

Jaribu kwa kuiua

Dampu ambayo haijajaribiwa ni ahadi tu. Kuna amri inayoangusha kerneli palepale, kwa kweli kabisa, bila kuuliza kama una uhakika:

sync
echo c > /proc/sysrq-trigger

Usiifanye saa ya habari. Usiifanye kama kuna mtu anaandika ndani ya hifadhi ya data. Ifanye usiku nyuma ya matangazo, na mtu asimame mbele ya mashini, si kwa mbali kupitia simu, sababu kama mlinzi hakuamka mashini itabaki imesimama na utalazimika kubonyeza kitufe. Kama imeenda vizuri, utaona maandishi yanapita, asilimia inapanda, kisha mashini inawaka upya. Ndani ya /var/crash kutakuwa folda yenye tarehe, na mle faili mbili: dump na dmesg.

Pima muda huo kwa saa. Hapa ndipo umeme wetu unarudi kwenye habari. Kuandika dampu kunaweza kuchukua dakika kadhaa kwa disiki ya kuzunguka. Kama umeme ukikatika katikati, ile nakala imepotea na hairudi. Ondulere yenye bateri iliyokufa, ile inayolia sekunde thelathini kisha inaachilia, haitasaidia. Basi ukisikia mashini imeanguka na grupu haijawaka, kitu cha kwanza ni kulinda umeme wa ile mashini, si kuizima "ili ipumzike".

Kwa wenye Windows

Biro nyingi za Likasi, shule na vituo vya afya, vinatumia Windows, na mara mingi ya Kifaransa. Bonyeza alama ya Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia "Paramètres système avancés", kisha chini ya "Démarrage et récupération" bonyeza "Paramètres". Pale kwenye "Écriture des informations de débogage" chagua "Image mémoire automatique" ao "Image mémoire du noyau". Ile "complète" inachukua memori yote, faili kubwa isiyo na faida kwa kazi yetu. Nakala itaandikwa mahali paitwapo C:\Windows\MEMORY.DMP.

Mtego wa Windows uko kwingine. Pale inaanguka, Windows inaandika kwanza ndani ya faili ya kubadilishana, pagefile, kwenye disiki C. Ni pale inapowaka tena ndipo inatoa nakala mle na kutengeneza MEMORY.DMP. Kuna watu wengi, hasa wale waliofuata ushauri wa "kuharakisha mashini", waliofuta pagefile ao kuihamisha kwenye D. Hao hawatapata kitu, hata kama kila kisanduku kimewekwa alama. Rudisha pagefile kwenye C, iache mfumo uisimamie wenyewe. Na angalia nafasi ya disiki: ikijaa, Windows inaweza kufuta dampu yenyewe.

Hata bila dampu, Windows inatoa jibu moja la bure kwa swali letu la kwanza. Fungua kitabu cha matukio, "Observateur d'événements", tafuta tukio namba 41 la Kernel-Power. Tukio hilo linasema tu kwamba mashini haikuzimwa vizuri. Lakini ndani ya maelezo yake kuna namba BugcheckCode. Ikiwa 0, kerneli haikuandika kosa: ni umeme, ni kitufe, ao iliganda. Ikiwa namba nyingine, kerneli ilijisimamisha, na utakuta pia tukio namba 1001 lenye kodi ya kosa. Dakika mbili za kazi, na unajua kama ile pesa ya ondulere inafaa itoke ao ibaki mfukoni.

Kusoma kile kilichoandikwa

Hapa wengi wanaogopa, na hakuna sababu. Kusoma dampu nzima ni kazi ya bingwa. Kwa Linux inataka programu ya crash pamoja na alama za kerneli ile ile, pakiti ya mamia ya mega, na mega tunazilipa. Lakini ile faili ndogo ya dmesg ni maandishi ya kawaida, ina kilobaiti chache, na mara mingi jibu limo mle. Nenda mwisho kabisa, kisha panda pole pole. Tafuta mstari unaoanza na "Kernel panic" ao "BUG". Maneno "Machine Check" yanakuambia chuma chenyewe kimelalamika: kichakata, memori, ao joto. Maneno "Out of memory" yanasema programu fulani ilikula memori yote.

Kwa Windows, kodi 0x124 ni malalamiko ya chuma. 0x1A ni memori, mara nyingine barete mbovu, mara nyingine dereva. 0xD1 inaelekeza kwa dereva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa.

Dampu moja haitoshi kuhukumu. Kusanya mbili ao tatu na uziweke kando kando. Kama kila mara jina ni lile lile, tuseme dereva wa kadi ya sauti, basi mshitakiwa unaye. Kama kila mara mahali ni tofauti, leo disiki, kesho mtandao, kesho kutwa programu isiyo na maana, basi shuku barete za memori ao joto. Zitoe, zipanguse, ziache kwenye memtest86+ usiku kucha, moja kwa moja. Na fungua mashini utazame feni. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi jekundu la huku linaingia mahali kote, na feni iliyozibwa inaangusha seva vizuri kabisa bila msaada wa mtu yeyote.

Njia hii ya kulinganisha ndiyo ilionyesha kosa tarehe 19 Julai 2024, pale mashini karibu milioni 8,5 za Windows duniani zilianguka siku moja, ndege zikabaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Wengine walidhani ni shambulio. Dampu zilionyesha jina moja, dereva wa programu ya ulinzi ya CrowdStrike, aliyekuwa amesoma mahali pa memori ambapo hapakuwa pake nyuma ya kupokea faili mbaya ya sasisho.

Dampu inasema mambo mingi mno

Hapa naomba msomaji asikimbie, hata kama amechoka na amri.

Memori ya mashini haichagui. Ndani yake kuna kosa unalolitafuta, lakini mnaweza kuwa pia neno la siri lililoandikwa dakika kumi mbele, ujumbe wa msikilizaji, namba ya simu ya mama aliyetoa ushuhuda na akaomba jina lake lisitajwe. Kwa redio za mashariki hili si jambo la darasani. Tangu M23 iliingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, waandishi wa huko wanajua mashini iliyoachwa studioni inaweza kusomwa na nani. Watu wanafikiri kufuta ujumbe na kubeba rekoda. Hakuna anayefikiri kuhusu faili ya giga mbili iliyolala ndani ya /var/crash.

Hata wakubwa wanaogopa faili hizi. Mwaka 2023 wadukuzi walioitwa Storm-0558 walisoma barua pepe za mashirika karibu 25, pamoja na wizara ya mambo ya inchi za nje ya Marekani, kwa kutumia ufunguo wa Microsoft ulioibwa. Septemba ya mwaka ule Microsoft walieleza kwamba ufunguo yawezekana ulitoka ndani ya dampu ya mashini iliyoanguka Aprili 2021, dampu ambayo ilihamishwa kutoka mahali penye ulinzi mkali. Machi 2024 walirekebisha maelezo: hawakuikuta dampu yenye ule ufunguo. Lakini tazama ni kitu gani walikishuku cha kwanza.

Basi hivi. Kwa Debian, makedumpfile inatumia kwa kawaida kiwango cha -d 31, kinachoruka kurasa tupu na kurasa za programu za watumiaji, kinabakisha zile za kerneli. Usikibadilishe: kinapunguza ukubwa, na kinaacha nje sehemu kubwa ya siri za watu. Si zote, sababu kerneli nayo inashika vipande vya mtandao na funguo za disiki iliyofungwa. Fanya folda isomwe na msimamizi peke yake:

chmod 700 /var/crash

Usitume dampu nzima kwenye kundi la WhatsApp la mafundi, hata kama yaya yako ndiye msimamizi wa kundi. Tuma sehemu ya mwisho ya dmesg, na mbele ya kutuma toa jina la mashini na namba za vifaa. Fundi akiomba dampu yote, aje aisome pale pale. Kosa likishajulikana, futa. Code du numérique ya inchi yetu, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima juu ya data za watu binafsi, na dampu yenye namba za wasikilizaji ni data za watu binafsi kama daftari la majina.

Seva yenye disiki ndogo inaweza kupeleka dampu kwa mashini nyingine ya ndani ya nyumba, kwa SSH ao NFS. Mistari yake iko tayari ndani ya /etc/default/kdump-tools, inangoja tu kujazwa. Kuipeleka inje ya nyumba, kwenye seva ya mtu ambaye humjui, hapana.

Na pembeni ya mashini weka daftari la karatasi. Kila ikianguka andika saa, joto la chumba kama una kipimo, nani alikuwa anafanya nini, na kama taa ya jirani nayo ilizimika dakika ile ile. Mstari huo wa jirani, mashini haiwezi kukuandikia.